Kabla Hujafomati Mara ya Nne

Wasee, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana nililipa fundi mara tatu kufomati kompyuta moja, kwa shida moja, na mara zote tatu shida ilirudi kabla wiki iishe. Mia tano, mia tano, mia tano. Elfu moja na mia tano ikaenda hivyo, na bado hakuna mtu alikuwa ameniambia hiyo mashine ilikuwa inaumwa nini.

Mashine yenyewe ni ya mezani, mtumba, ile wanauza tao wakikuapia ni ex-UK. Mathe ndiye aliinunua. Nilipomwambia nimeacha chuo na nataka kuhariri video, hakuongea siku mbili. Siku ya tatu alienda kwa chama chao, akachukua mkopo, akaniletea elfu kumi na nne kwa bahasha. Alisema kitu kimoja tu: "Hii usiniangushe."

Sasa hiyo kitu ikaanza kuanguka yenyewe. Uko kwa kazi, video imefika asilimia themanini, halafu tap! Giza. Sekunde chache inajiwasha tena, imetulia, ni kama ni wewe ulikuwa unaota. Siku moja ilienda na video ya ruracio ya mteja. Mteja akataka dipoziti yake irudi, na haki ilikuwa yake.

Fundi alisema, "Ni virusi. Wewe unadaunilodi vitu ovyo." Mathe akasema, "Ni hizo video zako. Unaichosha." Ukiangalia vizuri, wote wawili walikuwa wamepata kosa mahali pamoja: kwangu. Na mtu ameacha chuo, anakaa kwa mamake, hana nguvu ya kubishana sana. Nikaanza kuamini.

Kile kiliniokoa ni ile tabia yangu mnaijua, nikikwama naingia kwa historia. Nikajiuliza: wale watu wa kwanza kabisa kuwa na kompyuta, ikizima walikuwa wanafanya nini? Hawakuwa na YouTube wala fundi wa mia tano. Majibu niliyopata ndiyo nimekuja kuwapigia story leo, kwa sababu ndiyo yalitengeneza mashine yangu.

Tuanze Februari 1946, Philadelphia, Marekani. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilionyesha dunia mashine inaitwa ENIAC. Ilikuwa na uzito wa karibu tani 30, na ndani ilikuwa na valvu karibu 18,000. Valvu ni zile taa ndogo za glasi zilizokuwa kwa redio za kina guka. Inapata moto, inafanya kazi, siku moja inaungua. Kwa redio yenye valvu tano hiyo si noma. Lakini ukiwa na 18,000, hesabu inakukataa. Hata kama kila moja inaweza kudumu miaka, kwa umati mkubwa hivyo kila mara kuna mtu wa kuzikwa.

Watu wengi walikuwa wameapa haiwezekani, kwamba itakuwa inakufa kila dakika. J. Presper Eckert, mmoja wa wale wawili walioiunda pamoja na John Mauchly, alikuja kusimulia baadaye kwamba valvu ilikuwa inakufa karibu kila siku mbili, na walikuwa wanaipata ndani ya dakika 15.

Dakika 15! Kati ya 18,000! Walifikaje huko? Kwanza, waliangalia ni wakati gani valvu zinakufa. Wakagundua nyingi zinakufa mashine ikiwashwa au ikizimwa, pale joto linapanda au linashuka kwa ghafla. Kwa hivyo wakaacha kuizima. Pili, hawakuzisukuma hadi mwisho. Walizipa umeme wa chini kuliko ule ziliruhusiwa kubeba. Hawakuita hiyo bahati mbaya wala virusi. Waliuliza swali moja: inakufa lini?

Na kuna kitu hawatuambii vya kutosha. Waliokuwa wanapanga hesabu ndani ya ENIAC walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hakukuwa na kitabu cha maelezo. Walipewa michoro ya mashine, wakaisoma mpaka wakaijua vizuri sana. Ikikwama, waliweza kufuatilia kosa hadi kwa valvu moja ndani ya ukumbi mzima. Sifa zilienda kwa wengine. Ilibidi hadi 1997 ndipo waingizwe kwa ukumbi wa heshima wa Women in Technology International. Miaka 51, wasee.

Mwaka mmoja baadaye kuna ile hadithi ya nondo, na hapa lazima tusahihishane. Wengi tulifunzwa kwamba neno la Kiingereza "bug", mdudu, kwa maana ya kosa la kompyuta, lilizaliwa siku mdudu alipoingia ndani ya mashine, na kwamba Grace Hopper ndiye alimtoa. Ukweli ni mtamu kuliko hiyo. Tarehe 9 Septemba 1947, pale Harvard, mashine ya Mark II ilikuwa inakosea. Mafundi wakaifungua na wakapata nondo amebanwa ndani ya rilei, ile swichi ya chuma inayofunga na kufungua. Wakamtoa, wakambandika kwa gundi ya karatasi ndani ya kitabu cha kumbukumbu, na wakaandika pembeni kwamba huyu ndiye mdudu wa kwanza wa kweli kupatikana.

Soma hapo tena: wa kweli. Ule ulikuwa utani. Neno lilikuwa tayari linatumika na mafundi. Thomas Edison alilitumia kwa barua mwaka 1878, zaidi ya nusu karne kabla ya mashine hiyo. Grace Hopper alikuwa kwa hiyo timu na ndiye alieneza hadithi, lakini hakuna ushahidi kwamba mkono wake ndio ulimtoa nondo. Kile kitabu bado kiko, kimehifadhiwa kwa makumbusho ya Smithsonian, nondo akiwa ndani.

Mimi nondo hakunishangaza sana. Ni kile kitabu. Mbona kulikuwa na kitabu? Kwa sababu walikuwa wanaandika kila kitu: saa ngapi tumeanza, jaribio gani, nini imekataa. Nondo alipata pa kubandikwa kwa sababu ukurasa ulikuwa tayari umefunguliwa.

Usiku huo nikachukua counter book ya Mathe, ile alikuwa anaandikia madeni ya kiosk kabla kifungwe, nikageuza upande wa nyuma. Nikachora mistari: tarehe, saa, nilikuwa nafanya nini, ilizimaje. Usicheke. Hiyo ndiyo siku matibabu yalianza.

Maurice Wilkes pia alinifariji. Huyu alikuwa Mwingereza, aliongoza ujenzi wa EDSAC pale Cambridge, iliyoanza kazi Mei 1949. Anasimulia kwamba siku moja mwaka huo, akiwa kwa ngazi za jengo, ghafla iligonga akili yake kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki itaisha akitafuta makosa kwa programu zake mwenyewe. Huyo ni jitu lililojenga kompyuta kwa mikono. Kama yeye aliona hivyo, wewe na mimi ni nani tuone aibu mashine ikikwama?

Sasa ruka hadi 1978. Valvu zimeisha, tuko kwa chipu. Intel walikuwa wanatengeneza chipu za kumbukumbu, ile RAM, na kulikuwa na mchezo wa ajabu: sifuri inageuka moja yenyewe. Unaweka namba, unarudi, namba imebadilika. Ukipima chipu, haina kasoro yoyote. Timothy May na Murray Woods wakafuatilia mpaka wakapata chanzo: kile kifuniko cha kauri kinachofunika chipu kilikuwa na chembe kidogo sana za urani na thori. Zile chembe zilikuwa zinatoa miali ya alfa, na mwali mmoja ukipita kwa selo ya kumbukumbu unatosha kugeuza herufi. Yaani nguo ndiyo ilikuwa inamdunga mwenye kuivaa!

Nikaandika kwa counter book: jaribu RAM. Kuna programu ya bure inaitwa Memtest86, unaiweka kwa flashi, unawasha mashine nayo. Inaandika namba kila kona ya kumbukumbu, halafu inasoma kuona kama zimebadilika. Niliiacha usiku kucha. Asubuhi makosa yalikuwa sifuri. Wengine wangekasirika. Mimi nilifurahi, kwa sababu sasa kulikuwa na mshukiwa mmoja chini. Mafundi wa ENIAC pia hawakukagua valvu 18,000. Walikuwa wanatoa zile haziwezi kuwa na hatia.

Tufike kwa ile skrini ya buluu, maana najua mnaiogopa. Ile tunayoijua ilikuja na Windows NT mwaka 1993, na aliyeiandika ni John Vert wa Microsoft. Watu wanaiona kama kifo chenyewe, lakini ni kinyume. Mfumo ukigundua kitu kimeharibika ndani, unajisimamisha makusudi usije ukaandika uchafu juu ya faili zako, na unakuachia kodi ya kosa kama ushahidi. Hata Bill Gates ilimpata jukwaani, Aprili 1998, maonyesho ya COMDEX kule Chicago. Mwenzake Chris Capossela alichomeka skana kuonyesha uzuri wa Windows 98 kabla itoke, na skrini ikageuka buluu mbele ya ukumbi mzima. Watu walicheka hadi basi.

Baadaye Microsoft waliamua kufanya kile mafundi wa Harvard walikuwa wanafanya, kwa ukubwa wa dunia. Wakaanza kukusanya ripoti kila programu ikianguka kwa mtu aliyekubali kuzituma. Mwaka 2002 Steve Ballmer aliandika kwamba asilimia 1 tu ya kasoro ndiyo ilikuwa inaleta nusu ya makosa yote. Hiyo hesabu haiwezi kutoka kwa kukisia. Inatoka kwa kitabu.

Na tarehe 19 Julai 2024 mlikuwepo. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta, CrowdStrike, ilituma faili moja mbovu, na Microsoft wakakadiria mashine milioni 8.5 za Windows zimeanguka. Ndege zikakwama, benki zikakwama. Unajua watu wengi waliponaje? Kuingia kwa njia salama ya Windows, kufuta faili moja, kuwasha tena. Mashine moja baada ya nyingine. Hawakuhitaji kufomati, kwa sababu mtu alikuwa amesoma ushahidi na kujua ni faili gani.

Hapo ndipo nilishtuka: mimi sikuwa naona skrini ya buluu. Hata siku moja. Nikaingia kwa kumbukumbu za matukio ndani ya Windows, nikakuta mstari uleule umejirudia: Kernel-Power 41. Maana yake ni kwamba mashine imeamka na kukuta haikuzimwa vizuri. Basi. Windows yenyewe haikujua kilichotokea. Ni kama mtu aliyezirai, ukimuuliza anakwambia amejikuta tu chini. Na kama Windows haikupata hata nafasi ya kulalamika, basi kufomati Windows mara tatu kulikuwa kumpa dawa mtu ambaye si mgonjwa.

Washukiwa wakabaki wawili, joto na umeme. Nikafungua upande, nikapuliza vumbi, maze ilikuwa kama kiota. Nikapima joto nikihariri, likawa sawa. Ikazima tena siku mbili baadaye. Joto likaenda nyumbani.

Kuhusu umeme, historia ilikuwa na kitu cha kuniambia tena. Kuanzia karibu 1999 hadi 2007 kompyuta nyingi duniani zilikuwa zinakufa mapema, na mafundi wakifungua wanakuta kapasita zimevimba. Kapasita ni yale mapipa madogo yanayoweka umeme kidogo kama tenki la maji juu ya nyumba. Ndani kuna maji ya kemikali. Kwa chapa kadhaa, hasa kutoka Taiwan, yale maji yalikuwa mabaya, yanatoa gesi, pipa linavimba kichwa na mwishowe linapasuka. Inasemwa kwamba kulikuwa na fomyula iliyoibwa Japani ikiwa nusu, lakini hiyo ibaki kama inavyosemwa. Kinachojulikana ni gharama: mwaka 2005 Dell peke yao walitenga dola milioni 300 kutengeneza mashine zenye kapasita mbovu. Na hata kapasita nzuri huzeeka. Mafundi wana kanuni yao: kila joto likiongezeka nyuzi 10, maisha yake yanakatika karibu nusu.

Nilikuwa na historia yote hiyo kichwani na bado sikuwa nimeunganisha. Aliyeunganisha ni Mathe.

Alikuwa anatafuta deni la zamani kwa ile counter book, akakuta kurasa zangu. Wiki tatu, mara kumi na moja imezima. Nikamwona amekaa nayo, kidole kinashuka kwa safu ya saa. Mara nane ilikuwa kati ya saa moja na saa tatu usiku. Mara mbili ilikuwa Jumapili asubuhi, saa mbili. Mara moja tu ilikuwa saa yake yenyewe.

Akaniuliza, "Jumapili saa mbili ulikuwa unahariri?"

Nikamwambia hapana, nilikuwa naangalia mpira wa marudio. Mashine haikuwa na kazi yoyote ngumu.

"Basi si video zako," akasema, akiwa bado ameangalia kitabu. "Jumapili saa mbili plot nzima inapiga pasi ya kanisa. Na usiku ni wakati watu wanaoga na zile shawa za moto. Hujaona taa ikififia?"

Wasee. Nilikuwa nimeiona hiyo taa ikififia miaka yote tumekaa hapo.

Umeme ukishuka kwa ghafla, pawa saplai ya kompyuta inafaa kushikilia kidogo kwa kutumia kile kapasita zake zimeweka. Si muda mrefu, ni karibu milisekunde 16, lakini inatosha kuvuka yale mashimo madogo. Kapasita zikichoka, tenki ni tupu. Pasi ya jirani inawashwa, mimi napoteza ruracio.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza redio. Akaifungua mbele yangu, akaniita kwa kidole. Mapipa matatu yalikuwa yamevimba kichwa kama maandazi. Na hapa naomba mnisikie vizuri: pawa saplai usiifungue mwenyewe. Hata ukiwa umeitoa kwa soketi, zile kapasita zinaweza kuwa zimeshikilia umeme wa kukulaza chini. Yule mzee amefanya hiyo kazi miaka mingi na bado alikuwa anaishika kwa heshima. Alinibadilishia nyingine ya mtumba aliyoipima, elfu moja na mia mbili. Ilikuwa bei ndogo kuliko zile fomati tatu.

Sikuamini siku ya kwanza. Mathe pia hakuamini, aliniuliza, "Umejuaje ni hiyo?" Swali zuri kuliko lote nililowahi kuulizwa chuoni. Kwa hivyo kitabu kiliendelea. Jumapili nne zilipita, pasi zinapigwa, taa inafifia, mashine inaendelea tu. Safu ya "ilizimaje" ikabaki tupu mwezi mzima.

Kwa hivyo kama yako inaanguka, fanya hivi kabla hujamwita mtu. Andika tarehe na saa kila mara. Angalia kama inakupa skrini ya buluu yenye kodi au inazima kimya, kwa sababu hizo ni njia mbili tofauti. Jaribu RAM usiku mmoja. Pima joto. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, si vitano, la sivyo ikipona hutajua ni nini kiliiponya. Na fanya nakala ya kazi yako leo, si kesho.

Mkopo wa chama tulimaliza kulipa Novemba. Yule mteja wa ruracio hakurudi, lakini alimtuma dadake na harusi. Counter book bado iko kwa meza, upande wa mbele madeni ya kiosk, upande wa nyuma mashine. Juzi nimekuta Mathe ameongeza mstari wake hapo nyuma, na mwandiko wake mkubwa: "Friji. Jumanne, saa moja na nusu usiku. Imelia mara mbili."

Naenda kuiangalia sai.